Moyo Mgonjwa Hauponi kwa Kulala Kitandani

Ndugu wafanyakazi, ndugu wakulima wa mpunga, na ninyi wazee wetu mliostaafu,

Katika mikutano yetu ya Gikundamvura kuna jambo moja ambalo limekuwa likirudi mara kwa mara. Mzee aliyefanya kazi miaka 30 anaambiwa na daktari kwamba moyo wake ni mgonjwa. Anarudi nyumbani na vidonge. Tangu siku hiyo watoto wake wanamnyang'anya jembe, ndoo ya maji haruhusiwi kuigusa, hata kwenda msikitini au kanisani anakatazwa. "Pumzika, baba," wanamwambia. Wanafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini baada ya miezi michache mzee huyo hawezi tena kuinuka kitini bila kushikwa mkono.

Upande wa pili yuko mwenzetu asiye na wa kumlisha. Ametoka hospitali Ijumaa, na Jumatatu yuko tena chini ya gunia, kwa sababu asipobeba hapati mshahara. Naye haendi mbali.

Hawa wote wawili wanaumizwa na jambo moja, nalo ni kutojua. Kati ya kulala kutwa na kubeba gunia ipo njia ya katikati. Njia hiyo ni mazoezi ya kupimwa, yanayoongezwa kidogo kidogo, chini ya uangalizi wa waganga. Leo tumeona ni wajibu wetu kuieleza kwa maneno mepesi, ili kila mwanachama aweze kuwaeleza wa nyumbani kwake.

MOYO UNAFANYA KAZI GANI

Moyo ni msuli. Ni pampu inayosukuma damu mwili mzima, usiku na mchana, bila likizo. Mtu aliyekaa kitako moyo wake husukuma lita zipatazo 5 za damu kwa dakika moja. Akipanda kilima, lazima usukume zaidi ya hapo.

Pampu hii huharibika kwa njia nyingi. Kwanza ni presha ya juu: moyo unasukuma dhidi ya mishipa iliyokaza, miaka na miaka, mpaka unachoka. Pili ni milango ya moyo kuharibika. Mara nyingi ubaya huu huanza utotoni kwa ugonjwa wa koo usiotibiwa vizuri. Tatu, msuli wa moyo wenyewe hulegea. Nne, mishipa inayoulisha moyo huziba, na hapo ndipo mtu hushikwa na maumivu makali ya kifua.

Mwaka 2012 ulitolewa utafiti juu ya wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa ajili ya moyo kushindwa kazi, katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo. Umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 52 tu, na chanzo kikubwa kupita vyote kilikuwa presha ya juu: karibu nusu ya wagonjwa. Kwa hiyo tusidanganyike kwamba ugonjwa wa moyo ni wa matajiri wa Ulaya. Umo kwetu, na huwashika watu wakiwa bado wanasomesha watoto.

ZAMANI HATA MADAKTARI WALIWALAZA

Tusiwalaumu watoto wanaomlaza baba yao. Madaktari wakubwa wa dunia nao walifanya vivyo hivyo. Mpaka katikati ya karne iliyopita, mtu aliyeshikwa na moyo huko Ulaya na Marekani alilazwa kitandani wiki nyingi, akilishwa na kuoshwa kama mtoto mchanga. Wengi walipata damu iliyoganda miguuni, na vichomi vya mapafu, na unyonge mkubwa.

Mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, walitangaza walichofanya kwa wagonjwa 81: badala ya kuwalaza, waliwakalisha kwenye kiti chenye mikono tangu siku za mwanzo. Wenzao wengine waliona jambo hilo ni hatari. Lakini wagonjwa walikaa, wakapata nguvu, na mawazo ya waganga yakaanza kugeuka.

Mwaka 1966 huko Dallas vijana 5 wazima wa afya walikubali kulala kitandani wiki 3 mfululizo ili wapimwe. Nguvu za mwili wao zilishuka vibaya. Miaka 30 baadaye watu wale wale 5 walipimwa tena. Ikaonekana kwamba zile wiki 3 za kulala ziliwapunguzia nguvu kuliko miaka 30 ya kuzeeka! Ikiwa kitanda kilimfanyia hivyo kijana wa miaka 20, kitamfanyia nini mzee wa miaka 68 ambaye moyo wake tayari ni dhaifu?

USHAHIDI ULITOKA KWA WAFANYAKAZI

Hapa pana jambo la kutufurahisha sisi watu wa vyama. Ushahidi wa kwanza mkubwa kwamba mwendo unalinda moyo ulitoka kwa wafanyakazi wenyewe. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitoa hesabu zao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Yalikuwa mabasi ya ghorofa mbili. Dereva alikaa kitini karibu saa zote za kazi. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kukata tiketi, vidato 500 hadi 750 kwa siku. Kampuni yao ilikuwa moja, na mji mmoja. Lakini makondakta waliugua moyo kidogo kuliko madereva, na walioshikwa hawakufa upesi kama madereva. Baadaye Morris alirudi kuchunguza zaidi, akakuta kwamba madereva walikuwa wanene kiunoni tangu walipopewa sare za kazi. Kwa hiyo ngazi si sababu ya peke yake. Hata hivyo alipotazama wafanyakazi wa posta alikuta jambo la namna ile ile: waliotembea au kuendesha baiskeli kupeleka barua walikuwa na nafuu kuliko walioketi ofisini.

Mwaka 1975 ikatoka habari ya wapagazi wa bandari ya San Francisco, watu 6,351 waliofuatwa kwa miaka 22. Wenye kazi za nguvu nyingi walikufa kwa moyo mara chache kuliko wenzao wa kazi nyepesi.

Hao walikuwa watu wazima wa afya. Swali lililobaki lilikuwa hili: je, aliyekwisha kuugua naye atafaidika? Jibu lilipatikana baada ya majaribio mengi, na ni ndiyo. Mwaka 2009 yalitolewa majibu ya jaribio la wagonjwa 2,331 wenye moyo ulioshindwa kazi: mazoezi hayakuwadhuru, na hali yao ya maisha ilipata nafuu. Mwaka 2021 likaja jaribio la wazee hasa, watu 349 wenye miaka 60 na zaidi waliokuwa wamelazwa kwa ajili ya moyo. Wale waliofundishwa kusimama vizuri, kutembea, kujenga nguvu za miguu na kutoyumba walipata uwezo zaidi kuliko wale waliopewa matibabu ya kawaida peke yake.

MAZOEZI YANASAIDIA KWA NJIA GANI

Msomaji anaweza kuuliza: pampu imechoka, mbona mnaitia kazi zaidi? Faida kubwa huonekana nje ya moyo. Misuli ya miguu iliyozoea kutembea hujua kuitumia vizuri hewa safi iliyomo katika damu. Kwa hiyo, kwa kazi ile ile, inadai damu kidogo. Moyo unapata nafuu. Mishipa nayo hulainika na kupanuka, presha inashuka, sukari ya mwilini inatumika vizuri, usingizi unakuja. Kisha hofu inaondoka. Mtu aliyewahi kushikwa na moyo huogopa kila hatua, na hofu hiyo peke yake humfunga nyumbani.

Kwa mzee ipo faida nyingine. Misuli isiyotumika hunywea upesi sana katika umri huo. Mzee asiye na miguu huanguka, akianguka huvunjika nyonga, na hapo safari imekwisha. Mazoezi yanamwezesha kwenda chooni mwenyewe, kuoga mwenyewe, kufika barabarani mwenyewe. Hiyo ni heshima ya mtu.

"MIMI NALIMA, HAYO SI MAZOEZI?"

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na ni swali la haki. Watu wetu hawakai ofisini. Wanainama katika mpunga wa Bugarama, wanapanda vilima na migomba mgongoni, wengine wamepakia mifuko ya saruji miaka mingi.

Kazi kweli huutumia mwili. Lakini angalieni tofauti. Katika mazoezi, mtu huanza polepole, anaongeza, anapunguza, kisha anapumzika. Yeye ndiye mwenye kuamua mwendo. Katika kazi, mwendo unaamuliwa na msimamizi, au na mvua inayokuja, au na lori linalosubiri. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Anayeunyanyua hubana pumzi na kukaza mwili mzima, na katika nukta hiyo presha inaruka juu sana. Kijana mzima anavumilia. Mwenye moyo mgonjwa anaweza kuanguka papo hapo. Tena kazi ya saa 8 au 9 bila kupumzika vya kutosha huuweka moyo katika mbio kutwa nzima, na moyo mgonjwa unahitaji kupata nafasi ya kushuka.

Kwa hiyo tusichanganye. Kupalilia bustani ya nyuma ya nyumba kwa nusu saa, taratibu, ni jambo jema kwa mzee mwenye moyo akisha kuruhusiwa. Kubeba gunia kupanda kilima si mazoezi, ni hatari.

NANI ASIANZE KABLA YA DAKTARI

Kila mgonjwa lazima aonwe kwanza kwenye kituo cha afya au hospitali. Wilaya yetu ya Rusizi ina hospitali za Mibilizi na Gihundwe. Mwulizeni daktari kwa maneno haya haya: "Naruhusiwa kutembea? Kwa muda gani? Nisibebe kilo ngapi?" Msione haya kuuliza.

Asianze kabisa, mpaka daktari aseme, mtu wa namna hii:

1. Mwenye maumivu ya kifua yanayomjia hata akiwa amekaa, au yanayozidi siku hadi siku.

2. Anayepumua kwa shida akiwa amelala au amekaa, au aliyevimba miguu upya.

3. Mwenye presha ya 180 kwa 110 au zaidi akiwa amepumzika.

4. Aliyezimia karibuni, au moyo unaopiga ovyo bila mpango.

5. Aliyeambiwa kuwa mlango mmoja wa moyo umekuwa mwembamba sana.

6. Mwenye homa, malaria au kichomi. Apone kwanza.

Wapo pia waliopasuliwa kifua. Tangu 2008 kundi la Team Heart la kutoka Boston limekuwa likija Kigali kufanya upasuaji wa moyo katika hospitali ya King Faisal, hasa kwa wenye milango ya moyo iliyoharibika. Aliyepasuliwa atembee mapema kama alivyoelekezwa, lakini asibebe mzigo, asivute wala asisukume kitu kizito, mpaka mfupa wa kifua uunge. Mara nyingi ni wiki 6 hadi 12.

JINSI YA KUANZA

Hakuna vyombo vya kununua. Vinatakiwa viatu visivyoteleza, kiti imara, na mtu wa kufuatana naye.

Kwanza, kutembea. Anza mahali tambarare. Dakika 5 asubuhi na dakika 5 jioni zinatosha kwa wiki ya kwanza. Dakika za mwanzo nenda polepole ili mwili upate joto, na za mwisho polepole vile vile. Usisimame ghafla, maana kizunguzungu huja. Kila baada ya siku chache ongeza dakika 1 au 2. Baada ya miezi 2 au 3 wengi wataweza kufika dakika 30 kwa siku, siku 5 za wiki. Asiyeweza dakika 30 kwa mara moja azigawe mara tatu, kumi kumi.

Kipimo cha mwendo ni mdomo wako. Ukiweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba, mwendo ni sawa. Ukiweza kuimba, kaza kidogo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Wengine huhesabu mapigo ya moyo mkononi, lakini zipo dawa za moyo ambazo hushusha mapigo, kwa hiyo mdomo ni kipimo bora kwa watu wengi.

Pili, nguvu. Siku 2 au 3 za wiki, kaa kitini kisha simama bila kujisukuma kwa mikono, ukaketi tena. Anza mara 5, ukapande polepole mpaka 10 au 15. Chukua chupa ya maji ya lita 1, ambayo uzito wake ni kilo 1, uiinue mpaka begani na kuishusha. Pumua nje unapoinua. Usibane pumzi kamwe.

Tatu, kutoyumba. Simama nyuma ya kiti, ukishikilia mgongo wake, inua mguu mmoja kwa sekunde 10, kisha mwingine. Mwenzako akae karibu.

Dawa ziendelee kumezwa kama kawaida. Mazoezi hayachukui nafasi ya kidonge hata kimoja. Na chumvi ipunguzwe, tumbaku iachwe, pombe ya ndizi nayo isizidi.

SIMAMA MARA MOJA UKIONA HAYA

Maumivu au kubanwa kifuani, maumivu yanayokwenda mkononi au tayani, kizunguzungu, jasho la baridi, moyo kwenda ovyo, pumzi isiyorudi baada ya kupumzika. Kaa chini. Yasipoondoka upesi, mpelekeni hospitali bila kungoja kesho. Tena mwenye moyo ulioshindwa kazi ajipime uzito kituoni kila apatapo nafasi: akiongezeka kilo 2 au zaidi kwa siku chache, si unene huo, ni maji. Amwone mganga kabla ya kuendelea.

MAMBO YA NCHI YETU

Bonde la Bugarama ni sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, kama mita 950 juu ya bahari, na joto lake mnalijua. Joto peke yake huupa moyo kazi. Basi tembeeni alfajiri au jioni, kamwe si saa sita mchana. Mwenye kumeza dawa ya kutoa maji mwilini awe na hadhari zaidi, maana joto nalo linamkausha. Amwulize mganga anywe maji kiasi gani kwa siku. Walio vilimani wasianze kwa kupanda. Tafuteni njia inayozunguka kilima badala ya inayokipanda, na siku ya kwanza ya kupanda msimame kila hatua 20 au 30.

Na mvua? Jina la Gikundamvura lenyewe lina mvua ndani yake. Siku ya mvua mzee asiteleze njiani. Atembee barazani kwenda na kurudi, au afanye yale ya kiti.

CHAMA KIFANYE NINI

Ndugu zangu, afya ya mfanyakazi haiishi siku ya kustaafu. Mkataba wa 102 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1952, unasema matibabu yanatakiwa yalinde, yarudishe au yaboreshe afya ya mtu na uwezo wake wa kufanya kazi na kujitunza mwenyewe. Tuliangalie neno hilo "kurudisha uwezo". Kumpa mtu vidonge na kumwacha anyauke kitandani si kurudisha uwezo.

Kwa hiyo tunapendekeza haya yajadiliwe katika kila tawi:

1. Anayetoka hospitali kwa ugonjwa wa moyo asirudishwe kwenye mzigo siku ya kwanza. Arudi kwa saa chache na kazi nyepesi, kwa barua ya daktari, na kazi iongezwe kadiri anavyopata nguvu. Tunafahamu wenzetu waliokwisha kuambiwa, "wewe umekwisha, nenda." Mjumbe wa tawi asikubali neno hilo kabla daktari hajasema.

2. Siku ya kupimwa na kuchukua dawa isihesabiwe kuwa utoro.

3. Kila mudugudu uwe na kikundi cha kutembea cha wazee, watu 5 hadi 10, na kijana mmoja wa kuwafuata. Mtu wa peke yake huacha baada ya wiki mbili, kikundi hudumu.

4. Siku ya umuganda, kazi na mkutano vikiisha, tuwaombe wauguzi wa kituo cha afya wapime presha za watu. Huko Kigali, tangu 2016, zipo siku ambazo magari hufungiwa barabara ili watu watembee na kukimbia, na huko hupimwa presha na sukari bure. Sisi barabara zetu hazina magari mengi ya kufungia. Kinachotakiwa ni kifaa cha kupimia na moyo wa kujitolea.

5. Wanachama walipe mituweli zao kwa wakati, na tawi lisaidie wastaafu wasio na uwezo, ili mtu asikose dawa kwa kukosa mchango.

Na kwenu watoto mliobaki nyumbani: kumheshimu baba si kumfanyia kila kitu. Mwacheni ajivalie viatu mwenyewe. Mwacheni atoke. Mfuateni hatua mbili nyuma, mkono tayari, mdomo kimya. Akifika kwenye mti wa kwanza leo, wiki ijayo atafika wa pili.

Daktari Morris, yule aliyehesabu ngazi za mabasi, alizaliwa 1910 na akafa 2009, akiwa na miaka 99. Kila mtu ana siku zake, na hatuahidi miaka 99 kwa yeyote. Tunachosema ni kwamba siku zilizobaki, mzee wetu azitumie akiwa amesimama.

Wajumbe wa matawi wasome makala haya kwa sauti katika mkutano ujao, na majina ya watakaoanza kutembea yaandikwe hapo hapo.

Umoja ni nguvu, na afya ni haki ya kila mfanyakazi.